Ruta yako nyuma ya ruta ya kampuni: kutoka dalili hadi kisababishi

Kile kisanduku ulicholetewa pamoja na huduma ya intaneti, ambacho hapa tutakiita ruta ya kampuni, hubeba kazi nne kwa mpigo. Hupokea mawimbi ya faiba, kebo au laini ya simu na kuyageuza kuwa intaneti. Hugawa anwani za IP kwa simu na kompyuta za nyumbani. Huzificha anwani hizo zote nyuma ya anwani moja ya nje, kazi inayoitwa NAT. Na hurusha waifai. Ruta uliyonunua mwenyewe nayo imetoka kiwandani ikizijua kazi tatu za mwisho. Ukizichomeka pamoja bila kuamua nani afanye lipi, umeweka fahali wawili zizi moja. Dalili nyingi zilizoelezwa hapa zinaanzia hapo: kazi moja inafanywa mara mbili, au kila ruta imemwachia mwenzake na haifanywi kabisa.

Usikimbilie kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani. Kinafuta ushahidi, na kwenye ruta ya kampuni kinaweza kufuta pia jina na nywila ya kuingilia ambavyo fundi aliviweka siku ya kwanza.

Kwanza soma anwani ya WAN

Chomeka kompyuta kwa kebo kwenye tundu la LAN (upande wa vifaa vya nyumbani) la ruta yako, zima waifai ya kompyuta hiyo, kisha fungua ukurasa wa mipangilio wa ruta yako na utafute sehemu inayoonyesha hali ya intaneti. Humo utakuta anwani ya WAN, yaani anwani ambayo ruta yako imepewa na aliye mbele yake.

Ikianza na 192.168, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, aliyeitoa ni ruta ya kampuni, na una NAT mbili. Ikianza na 10, mara nyingi ni hivyo hivyo, ingawa wapo watoa huduma wanaotumia 10 ndani ya mtandao wao wenyewe. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, mpango unaoitwa CGNAT. Safu hiyo ilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Ikiwa 0.0.0.0 au pengo tupu, ruta yako haijapewa kitu. Anwani nyingine yoyote ilinganishe na ile unayoonyeshwa na tovuti za kutazamia IP. Zikilingana, hakuna NAT nyingine mbele ya ruta yako.

Ukibaki na shaka, hesabu hatua. Kwenye Windows andika `tracert -d 1.1.1.1`, kwenye Mac au Linux `traceroute -n 1.1.1.1`. Utaona kitu kama hiki:

1  1 ms  192.168.50.1
2  2 ms  192.168.1.1
3  9 ms  100.72.0.1

Mstari wa 1 ni ruta yako. Wa 2 ni ruta ya kampuni, na kuonekana kwake hapo kunathibitisha kwamba bado inafanya kazi ya ruta. Wa 3 ni mtandao wa mtoa huduma, na kwa mfano huu nako kuna NAT nyingine, kwa hiyo zimefika tatu. Ruta ya kampuni ikiwekwa katika hali ya daraja, yaani ikiacha kazi ya ruta na kupitisha tu intaneti hadi ruta yako, mstari wa 2 hutoweka.

Tuseme wazi jambo moja ambalo watu hulikuza kupita kiasi: NAT mbili si ugonjwa. Kurasa, video, simu za picha na VPN nyingi hupita bila shida, na ucheleweshaji unaoongezeka ni mdogo kiasi cha kutoonekana. Kama huna kinachokusumbua kati ya dalili za chini, iache.

Hakuna intaneti kabisa tangu uchomeke ruta yako

Tazama taa za ruta ya kampuni kabla ya chochote. Kwenye vifaa vya faiba, taa ya LOS ikiwaka au kupepesa nyekundu maana yake mwanga haufiki. Ruta yako haihusiki, na hakuna mpangilio utakaoitibu. Angalia kama waya mwembamba wa faiba umekunjwa kwa kona kali au umelegea, kisha piga simu kwa mtoa huduma.

Taa zikiwa shwari, fuata kebo kwa kidole. Inatakiwa kutoka tundu la LAN la ruta ya kampuni kuingia tundu la WAN la ruta yako, ambalo kwa kawaida lina rangi tofauti na mengine. Kosa la kuchomeka LAN kwa LAN lina dalili zake, tutazifikia.

Kebo ikiwa sawa na bado hakuna kitu, shuku anwani zinazogongana. Ruta nyingi hutoka kiwandani na anwani 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ruta ya kampuni ikiwa 192.168.1.1 na yako nayo ikiwa 192.168.1.1, ruta yako inaona mtandao uleule pande zote mbili, WAN na LAN, na haina namna ya kujua pakiti ya data ielekee wapi. Ruta za siku hizi nyingi hugundua mgongano na kujihamisha zenyewe. Za zamani hunyamaza tu. Dawa ni kuihamisha ruta yako:

1. Chomoa kebo ya WAN.
2. Ingia kwenye ukurasa wa ruta yako, sehemu ya LAN, na ubadilishe anwani iwe 192.168.50.1, kinyago (subnet mask) 255.255.255.0. Namba ya tatu chagua isiyo ya kawaida. Epuka 0, 1 na 100, kwa kuwa ndizo ruta nyingine huzipenda.
3. Hifadhi. Ukurasa utakatika, na hilo ni la kawaida, kwa sababu kompyuta bado imeshika anwani ya zamani. Chomoa kebo ya kompyuta na uirudishe, au kwenye Windows andika `ipconfig /release` kisha `ipconfig /renew`.
4. Ingia tena kupitia 192.168.50.1, ndipo urudishe kebo ya WAN.

Kisababishi cha tatu ni aina ya muunganisho. Ruta ya kampuni inapokuwa bado inafanya kazi ya ruta, WAN ya ruta yako inatakiwa kuwa ya kupokea anwani yenyewe, yaani DHCP. Ukiiweka PPPoE, yaani muunganisho wa kuingia kwa jina na nywila, itabisha hodi mahali ambapo hakuna wa kuitikia. Kinyume chake pia ni kweli: ruta ya kampuni ikishakuwa daraja, na mtoa huduma wako anatumia PPPoE, DHCP haitapata kitu.

Kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254

Hiyo ni anwani ambayo kompyuta hujipa yenyewe baada ya kuomba na kutojibiwa. Hakuna anayegawa anwani kwenye waya huo. Ama kebo ni mbovu, ama DHCP, yaani ugawaji wa anwani, imezimwa kwenye ruta inayohudumia waya huo. La pili hutokea kwa mtu aliyezima DHCP ya ruta yake kwa sababu mwongozo fulani ulisema, huku kebo bado ikiwa kwenye WAN.

Baadhi ya vifaa vina intaneti, vingine havina, na kesho yake vinabadilishana

Hii ndiyo dalili ya LAN kwa LAN huku ruta zote mbili zikigawa anwani. Simu inapoingia hutangaza kwamba inataka anwani, na anayejibu kwanza ndiye anayesikilizwa. Ikijibiwa na ruta ya kampuni, inapata lango sahihi (gateway, anwani ya ruta ya kutokea nje) na intaneti inakuja. Ikijibiwa na ruta yako, inaambiwa lango ni ruta yako, ambayo WAN yake haina kebo. Ndiyo maana tatizo huonekana kama bahati nasibu, na ndiyo maana kuzima na kuwasha huonekana kusaidia kwa muda.

Thibitisha hivi: kwenye kifaa kizima na kwenye kifaa kibovu soma anwani ya lango. Zikitofautiana, umempata.

Njia za kutoka ni mbili. Ukitaka ruta yako iwe ruta kamili, hamishia kebo kwenye tundu la WAN. Ukitaka iwe kituo cha kurusha waifai tu, ambacho kwa nyumba nyingi ndicho tunachopendekeza, iweke katika hali hiyo. Menyuni huandikwa Access Point au AP. Ruta itazima NAT na DHCP yake yenyewe, na kila kifaa kitakuwa kwenye mtandao mmoja wa ruta ya kampuni.

Ruta isiyo na hali hiyo unaweza kuilazimisha kwa mkono, ikiwa haijaunganishwa na ruta ya kampuni. Tuseme ruta ya kampuni ni 192.168.1.1 na inagawa kuanzia 192.168.1.10. Ipe ruta yako anwani ya LAN 192.168.1.2, ambayo iko mtandao uleule lakini nje ya zile zinazogawiwa. Hifadhi, ingia tena kwa anwani hiyo mpya, na ndipo uzime DHCP; usianze na DHCP, maana ukifanya hivyo utajifungia nje. Halafu peleka kebo kutoka LAN ya kampuni hadi LAN ya ruta yako, na tundu la WAN uliache tupu. Ukijifungia nje hata hivyo, ipe kompyuta anwani kwa mkono, mfano 192.168.1.5 na kinyago 255.255.255.0, utaingia.

Printa au runinga haionekani kutoka kwenye simu

Printa iko kwenye waifai ya ruta ya kampuni, simu iko kwenye waifai ya ruta yako. Vifaa hivi hutafutana kwa tangazo linalosambazwa ndani ya mtandao mmoja tu, na tangazo hilo halivuki ruta. Cha ajabu kidogo ni kwamba njia iko wazi upande mmoja: kompyuta iliyo nyuma ya ruta yako inaweza kuifikia printa kwa kuandika IP yake moja kwa moja, mfano 192.168.1.40, kwa sababu kwa ruta yako hiyo ni safari ya kawaida ya kutoka nje. Kutoka printa kurudi kwa kompyuta ndiko kumefungwa. Kwa hiyo kuchapisha kwa IP kutafaulu, lakini kuskani kwenda kwenye kompyuta kutagoma.

Dawa ya kudumu ni kuhamishia kila kitu kwenye ruta moja na kuzima waifai ya ruta ya kampuni. Ukiiacha imewaka, kuna mwanafamilia ambaye simu yake bado inaikumbuka, na itarudi huko usiku wa manane bila kukuuliza.

Michezo ya mtandaoni inalalamika kuhusu NAT, au kamera haifikiki kutoka nje

Hapa NAT mbili zinauma kweli. Umefungua poti, yaani mlango wenye namba wa kuingilia kutoka nje, kwenye ruta yako, lakini mgeni kutoka nje anafika kwanza kwenye ruta ya kampuni, ambayo haijui mlango huo. Amegongea geti la nje wakati wewe umefungua mlango wa sebuleni. UPnP nayo haiokoi: kifaa cha michezo huiomba ruta yako ifungue, na ruta yako haina uwezo wa kuiagiza ruta ya kampuni. Ruta nyingine, zikiona WAN yake ni anwani ya ndani, hukataa ombi hilo kabisa.

Njia zilizopo, kuanzia tunayoipenda zaidi:

Hali ya AP, kama ilivyoelezwa hapo juu. NAT inabaki moja, ya ruta ya kampuni, na poti unafungua huko tu. Hasara ni kwamba unapoteza vizuizi vya watoto, VPN na vikorombwezo vingine vya ruta yako, na pengine ndivyo vilivyokufanya uinunue.

Hali ya daraja kwenye ruta ya kampuni. Ni safi kuliko zote, lakini si kila mtoa huduma huiruhusu, na ina mitego yake hapo chini.

DMZ. Kwenye ruta ya kampuni, kwanza funga anwani ya WAN ya ruta yako kwa namba yake ya MAC (utambulisho wa kifaa kutoka kiwandani) ili isibadilike, mfano 192.168.1.2. Kisha kwenye sehemu ya DMZ andika anwani hiyohiyo. Kila kinachofika kutoka nje bila mwenyewe kitasukumwa kwa ruta yako, na ukuta wa moto (firewall) wa ruta yako ndio utakaoamua. Watu wengi huogopa neno DMZ. Hofu hiyo ni ya haki unapoielekeza kwenye kompyuta. Unapoielekeza kwenye ruta yenye ukuta wake, ni mpango mzuri. Kosa linaloiua ni kusahau kuifunga anwani: baada ya umeme kukatika ruta yako inapewa 192.168.1.7, na DMZ inaendelea kumwaga kila kitu kwenye anwani isiyo na mtu.

Kufungua poti mara mbili, kwenye ruta ya kampuni kuelekea WAN ya ruta yako, na kwenye ruta yako kuelekea kamera. Inafaa kwa poti moja au mbili. Zikizidi hapo utachanganyikiwa.

Kama ulikuta 100.64 hadi 100.127 pale mwanzo, au anwani ya WAN ya ruta ya kampuni yenyewe hailingani na ile ya tovuti ya kutazamia IP, acha yote hayo. Geti la mbele kabisa liko kwa mtoa huduma, na huna funguo zake. Muombe anwani ya nje ya peke yako, tumia IPv6 (mfumo mpya wa anwani za IP) kama ipo, au pitia VPN yenye seva nje.

Na ukijaribu kama poti imefunguka, tumia simu iliyozimwa waifai na kuwashwa data. Ruta nyingi haziruhusu uende kwenye anwani yako ya nje ukiwa ndani kisha urudi ndani. Utaona imefungwa na kumbe iko wazi.

Umeweka daraja na sasa hakuna kinachopita

Kabla ya kuweka daraja, nakili kutoka ukurasa wa ruta ya kampuni aina ya muunganisho, jina la PPPoE na namba ya VLAN (alama inayotenganisha huduma kwenye laini moja) kama ipo. Nywila mara nyingi imefichwa kwa nyota. Muombe mtoa huduma mapema. Kumbuka pia kwamba simu ya mezani na runinga zinazopita kwenye kisanduku hicho zinaweza kunyamaza, hasa kama tundu la runinga linatumia VLAN yake.

Ikiwa laini ni ya kebo na modemu, kisababishi cha kwanza ni kumbukumbu. Modemu nyingi huikumbuka MAC ya kifaa cha kwanza kilichoonekana na kukikataa cha pili. Zima modemu na ruta, chomoa umeme, na kama modemu ina betri ya ndani itoe pia. Subiri dakika chache. Washa modemu peke yake, iache taa zitulie, ndipo uwashe ruta yako. Isipokubali, nakili MAC ya kifaa cha zamani kwenye WAN ya ruta yako.

Kwa faiba na PPPoE, VLAN ndiyo inayosahaulika. Ruta ya kampuni ilikuwa ikibandika namba hiyo kwenye kila pakiti kimyakimya. Sasa, kulingana na jinsi daraja lilivyowekwa, kazi hiyo inaweza kuwa imebaki kwake au imehamia kwako. Isipobandikwa na yeyote, au ikibandikwa na wote wawili, ruta yako itaendelea kupiga bila kujibiwa. Jaribu ukiwa na VLAN na bila VLAN.

Ikiunganika kisha ikakatika kila baada ya dakika chache, chunguza kama ruta ya kampuni nayo bado inapiga PPPoE kwa jina lilelile. Watoa huduma wengi huruhusu kikao kimoja kwa kila mteja, kwa hiyo kila ruta inayoingia inamfukuza mwenzake. Kwenye kumbukumbu za ruta yako utaona mfululizo wa kuunganika na kukatwa kwa vipindi vinavyokaribia kulingana.

Usishangae kuukosa ukurasa wa ruta ya kampuni baada ya daraja. Mara nyingi upo, kwenye anwani yake ya zamani au 192.168.100.1, ila unaufikia kwa kuchomeka kompyuta moja kwa moja na kuipa anwani ya mtandao huo kwa mkono.

Kurasa nyingine zinafunguka, nyingine zinazunguka milele

Dalili hii, hasa baada ya kuhamia PPPoE, karibu kila mara ni MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti unaoruhusiwa. Pakiti ya kawaida ya Ethaneti hubeba baiti 1500. PPPoE inachukua 8 kwa ajili ya bahasha yake, zinabaki 1492. Ruta yako ikibaki kwenye 1500, pakiti ndogo zinapita na kubwa zinakwama. Mtambo unaozikataa hutakiwa kutuma ujumbe wa kusema zipunguzwe, lakini kuta za moto nyingi huuzuia ujumbe huo. Ndiyo maana utafutaji unajibu upesi huku ukurasa wa benki ukigoma.

Pima. Kwenye Windows andika:

ping -f -l 1472 1.1.1.1

Kwenye Linux ni `ping -M do -s 1472 1.1.1.1`, na kwenye Mac `ping -D -s 1472 1.1.1.1`. Namba 1472 ni mzigo tu. Ongeza 28 za vichwa vya IP na ICMP upate 1500. Ikijibu, MTU yako ni 1500 na tatizo liko kwingine. Ikikataa kwa kusema pakiti inahitaji kukatwa, shuka hadi 1464. Ikijibu hapo, 1464 na 28 ni 1492: iandike kwenye mipangilio ya WAN ya ruta yako. Ikikataa bado, endelea kushuka kwa 8 hadi ijibu.

Kurasa hazifunguki lakini ping kwa namba inajibu

`ping 1.1.1.1` inajibu, ping kwa jina la tovuti haijibu. Hiyo ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP. Kwenye NAT mbili ruta yako huiuliza ruta ya kampuni, nayo huuliza mbele, na kihudumu kidogo cha DNS ndani ya ruta ya kampuni hulemewa kirahisi. Andika 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwenye WAN ya ruta yako na umruke.

Kurasa zikichelewa sekunde kadhaa kabla ya kuanza kufunguka, shuku IPv6. Ruta ya kampuni mara nyingi hutangaza mtandao mmoja tu wa /64, na huo haugawanyiki tena kwa matumizi ya kawaida, kwa hiyo ruta yako inakosa cha kuwapa walio nyuma yake. Zima IPv6 kwenye ruta yako na ujaribu. Ucheleweshaji ukiisha, umeupata. Unaweza kuiacha imezimwa, au kuiweka katika hali ya kupitisha IPv6 bila kuigawa.

Kasi imegota, na haipandi

Ikigota kwenye 94 Mbps hivi, siku zote, asubuhi na usiku, sehemu fulani ya njia imekubaliana na 100 badala ya 1000. Gigabiti inahitaji jozi zote 4 za waya ndani ya kebo. 100 inatosheka na 2. Pini moja iliyoinama au kichwa kilichobanwa vibaya kinatosha kuishusha. Soma kasi ya tundu la WAN kwenye ukurasa wa ruta yako. Badilisha kebo na uweke Cat5e au zaidi. Isipobadilika, huenda tundu lenyewe ni la 100. Ruta nyingi za bei ndogo ziko hivyo hata sandukuni zikijisifu kwa namba kubwa za waifai.

Ikiwa laini ni ya kasi kubwa na kebo inaonyesha 1000 lakini kipimo kinaishia 300 au 400, zima kwa muda QoS (upangaji wa vipaumbele vya trafiki), uchunguzi wa trafiki na vizuizi vya watoto. Vitu hivi hulazimisha kila pakiti ipitie kwenye prosesa badala ya njia ya mkato ya maunzi.

Kebo ikiwa nzuri na waifai pekee ndiyo mbovu, angalia ruta zilivyokaa. Kuziweka ubavu kwa ubavu, zote zikirusha, ni kuzifanya zipigizane kelele. Zima waifai ya kampuni, au zitenganishe mita moja au mbili na uzipe chaneli tofauti: kwenye 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11 kwa upana wa 20 MHz. Kwenye 5 GHz, chaneli kuanzia 52 hadi 144 katika nchi nyingi hulazimu ruta isikilize rada kwa angalau sekunde 60 kabla ya kurusha. Jina la 5 GHz likikosekana dakika moja baada ya kuwasha, si hitilafu. Likitoweka katikati ya siku, hamia 36 hadi 48.

Kuhusu majina: kwenye hali ya AP, jina na nywila vifanane kwenye ruta zote mbili, simu ihame yenyewe. Kwenye NAT mbili yasifanane kamwe, kwani kila simu inapohama inabadilisha mtandao mzima, na kila kilichokuwa kimeunganika kinakatika.

Ilikuwa sawa kwa miezi, leo imeharibika bila kuguswa

Soma tena anwani ya WAN. Kama jana ilikuwa ya nje na leo ni 192.168.1 na kitu, au PPPoE imekataa ghafla, ruta ya kampuni imetoka kwenye daraja. Mtoa huduma huisimamia kwa mbali, kwa kawaida kupitia TR-069, na anaposukuma programu mpya au kurudisha mipangilio yake, yako inafutika. Vivyo hivyo kwa DMZ na waifai uliyoizima. Piga picha ya kila ukurasa uliobadilisha, na mwambie mtoa huduma aandike daraja kwenye rekodi ya laini yako, si kwenye kisanduku tu.

Wakati unamsubiri, badilisha WAN ya ruta yako iwe DHCP na uendelee kwa NAT mbili. Kama LAN yako ulishaihamishia 192.168.50.1, hakutakuwa na mgongano wowote, na walio ndani ya nyumba hawatajua kilichotokea.